Simu Iliyokuwa Ndani ya Mkoba

MAMA NEEMA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu, kutoka hapa Dodoma. Leo tulikusudia kueleza kanuni tatu za kulinda uingiaji katika mifumo ya ofisi, lakini Kaka Elia ana jambo lililomkuta Jumatatu, nami nimemwomba aanze nalo.

ELIA: Ahsante, Mama Neema. Ijumaa jioni, katika ofisi moja ninayoihudumia, niliweka kanuni kwamba mtu akikosea nywila mara tatu, akaunti yake ijifunge mpaka msimamizi wa mfumo aifungue. Nywila za zamani zilikuwa zimefikia ukomo, hivyo Jumatatu kila mtumishi aliweka mpya. Saa mbili na nusu mhasibu mmoja, mama mtu mzima mwenye mishahara ya kuandaa, akanipigia kwamba amefungiwa. Nikamfungulia, akafungiwa tena. Mara ya tano nikaenda kuketi karibu naye, nikamwona akiandika nywila herufi kwa herufi pasipo kukosea, na bado akaunti ikakataa.

MAMA NEEMA: Basi aliyekuwa akikosea ni nani?

ELIA: Simu yake. Ilikuwa ndani ya mkoba, chini ya meza, imehifadhi nywila ya zamani ya barua pepe, nayo ikawa inaipeleka kwenye seva kila baada ya muda mfupi. Tulipoizima tukapumua kama dakika kumi, kisha akaunti ikajifunga tena, kwa sababu nyumbani Nkuhungu kulikuwa na kishikwambi alichomwachia mjukuu wake, nacho kina barua pepe ileile.

MAMA NEEMA: Pole yake mama huyo. Hata hivyo, mdogo wangu, kosa ni kutowaambia watu wabadilishe nywila katika vifaa vyote. Kanuni yenyewe ni sahihi.

ELIA: Hapo sikubaliani nawe. Anayejua majina ya watumiaji anaweza kuifungia ofisi nzima kwa kukosea makusudi. Mwizi mzoefu naye hujaribu nywila moja nyepesi katika kila akaunti, hivyo hafikishi hata makosa mawili kwa mtu mmoja. Mwongozo wa mwaka 2017 wa NIST, taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, uliweka ukomo wa makosa 100 mfululizo, tena ukashauri watu wasilazimishwe kubadilisha nywila kila baada ya muda pasipo dalili kwamba imevuja. Heri mfumo umcheleweshe anayekosea, na kila kosa liongeze muda wa kusubiri.

MAMA NEEMA: Mia ni nyingi mno mahali ambapo watu huweka jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa, mambo ambayo jirani wa meza anayajua. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, anayetunza taarifa za watu ana wajibu wa kuzilinda. Mimi siondoi tatu.

ELIA: Ulinzi unaomzuia mhasibu kuandaa mishahara ya watu nami siwezi kuutetea.

MAMA NEEMA: Muda umetuishia, na kanuni ya namba ya uthibitisho pamoja na ile ya kuzima akaunti za walioacha kazi hatukuzigusa. Kesho utafanya nini?

ELIA: Nitaweka kumi, kisha nitapitia Nkuhungu kukiangalia kile kishikwambi.