Matundu matupu: kurudisha kava na bolti zilizopotea kwenye injini ya gari la spoti la zamani

Karibuni tena, watazamaji wangu. Leo boneti iko wazi, injini imepoa kabisa, na waya hasi wa betri nimeshauchomoa. Kamera nimeisogeza karibu kusudi, kwa sababu nataka uone kitu ambacho wenye magari haya ya spoti ya zamani tumekizoea mpaka hatukioni tena. Tazama hapa kando ya koili. Tundu hili halina bolti. Hili pia. Na hapa chini kuna bolti, lakini kichwa chake hakifanani na cha jirani zake.

Gari lenye miaka 30 limefunguliwa na mikono mingi. Kuna aliyekuwa na haraka akarudisha bolti tatu kati ya sita, kuna aliyeangusha moja ikapotelea kwenye kona ya fremu, kuna aliyevunja sikio la kava akaona bora alitupe. Kazi ya leo ni kurudisha kila tundu kwenye hali yake, kwa bolti iliyo sahihi, siyo kwa bolti iliyopatikana.

Kwanza nikuombe usiyachukulie makava kama mapambo. Yapo ya mapambo, sawa, lakini mengi yana kazi. Chukua Porsche 911 zinazopozwa kwa hewa, zile za kuanzia 1964 hadi 1998. Kuzunguka injini kuna mabati membamba meusi ambayo watu huyaona kama uchafu wa kuondoa. Feni inavuta hewa ya juu ya injini, inaipuliza kwenye mapezi ya silinda, hewa inatokea chini ikiwa ya moto. Yale mabati ndiyo ukuta kati ya juu na chini. Bati moja likikosekana, hewa ya moto inapanda na feni inaimeza tena. Injini inajipoza kwa joto lake yenyewe, na mwenye gari anabaki akihangaika na mafuta na vipimo.

Au Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa 1989. Chini ya pua yake kuna kava pana la plastiki. Hewa ikiingia mdomoni mwa bampa, kava lile ndilo linaloilazimisha ipite kwenye rejeta. Liondoe, hewa itatorokea chini kwa sababu ndiyo njia rahisi. Mtu anabadilisha themostati, pampu ya maji, hata rejeta yenyewe, na kilichokosekana ni karatasi ya plastiki na bolti zake kadhaa! Huwa naumia nikiliona hilo, kwa sababu ni fedha na siku za mtu zinazopotea bure.

La tatu ni kava la mkanda wa taimingi. Hili usilifanyie mchezo hata kidogo. Likikosa bolti mbili, linatikisika, linasogea ndani, na linaweza kuanza kuusugua mkanda.

Basi tuanze. Safisha eneo lote kwanza kwa brashi na kitambaa, ila matundu usiyapulizie upepo bado. Piga picha kila upande. Kisha chukua kipande cha kadibodi, laza kava juu yake, chora umbo lake kwa kalamu, na toboa kila mahali penye tundu la bolti. Kila bolti unayoitoa unaichomeka kwenye tundu lake la kadibodi. Unaona hii yangu? Juu kuna bolti mbili fupi, pembeni kuna moja ndefu, na hapa katikati pako wazi. Kava moja linaweza kuwa na bolti za urefu wa aina tatu, na bila kadibodi hii utazichanganya ndani ya dakika tano.

Sasa vipimo, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo watu wanapoharibu injini.

Usipime bolti kwa namba ya spana. Spana namba 10 inakuambia ukubwa wa kichwa tu. Mara nyingi kichwa cha namba 10 ni cha bolti ya M6, yaani bolti yenye unene wa mm 6 kwa jina, lakini M8 kwenye gari la Kijapani huwa na kichwa cha 12, na kwenye gari la Kijerumani huwa 13. Pima unene wa thredi, yaani meno ya bolti, kwa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili. Ukipata karibu 5.9 mm, hiyo ni M6. Ukipata karibu 7.9, ni M8. Bolti huwa nyembamba kidogo kuliko jina lake, usishangae. Halafu pima umbali kati ya jino na jino. Geji ya thredi, vile vibati vyenye meno vya kulinganishia, ni rafiki mzuri hapa: M6 ya kawaida ni 1.0 mm, M8 ya kawaida ni 1.25.

Kama gari lako ni Jaguar E-Type au Corvette ya miaka ya 1960, weka milimita pembeni. Hayo ni magari ya inchi. Bolti ya inchi 5/16 ina unene wa 7.94 mm, kwa macho huwezi kuitofautisha na M8. Ukiilazimisha M8 kwenye tundu la 5/16, inaweza kuingia mizunguko miwili mitatu, ikakaza, ukadhani ni uchafu, ukaongeza nguvu. Hapo umeshakata thredi za alumini. Bolti ikikataa kuingia kwa vidole, simama.

Urefu unapimwa kuanzia chini ya kichwa hadi ncha. Kwa tundu tupu huna bolti ya kupima, kwa hiyo pima tundu lenyewe. Chukua kijiti chembamba, kishushe mpaka kigote, weka ukucha usawa wa mdomo wa tundu, kitoe, kipime. Hili langu lina kina cha mm 18. Kava lina unene wa mm 4, washa ni 1.5. Jumla 23.5. Bolti ya mm 25 ingegota chini kabla ya kichwa kulishika kava. Bolti ya mm 20 inaacha nafasi ya 3.5 chini, na ndani ya alumini inaingia mm 14.5. Kwa alumini nataka thredi ziingie angalau mara moja na nusu ya unene wa bolti, yaani mm 9 kwa M6, kwa hiyo 20 inatosha vizuri. Kama tundu limetoboka hadi upande wa pili, chungulia kuna nini nyuma yake kabla ya kuchagua urefu. Huenda ni mkanda, huenda ni njia ya maji.

Nina sababu ya kulisisitiza hili. Gari langu la kwanza la aina hii lilinijia na bolti ya mm 30 mahali pa mm 20. Aliyeifunga aliona kava bado linacheza, akazidi kuvuta spana, na ncha ya bolti ikasukuma chini ya tundu mpaka silinda hedi ikapata ufa. Ufa mwembamba kama unywele. Nilihangaika miezi na tone la mafuta lisilojulikana linatoka wapi, mpaka siku nilipotoa ile bolti na kuilaza kando ya wenzake.

Sasa sogea karibu uone hii. Hii siyo bolti ya kawaida. Thredi zinaishia hapa, halafu kuna sehemu nene isiyo na thredi. Hilo ni bega. Bega likigota kwenye chuma, bolti haiendi tena hata ukivuta, na mpira ulio chini ya kichwa unabaki umebanwa kiasi kile kile alichotaka mtengenezaji. Makava mengine badala ya bega yana bushi ndogo ya chuma ndani ya tundu la plastiki, na mpira umeizunguka. Bushi ikipotea, ukaweka bolti ya kawaida na washa, unalibana plastiki moja kwa moja. Baada ya joto la siku chache linapasuka nyufa kama nyota kuzunguka tundu. Kwa hiyo unapohesabu vilivyokosekana, hesabu vinne: bolti, washa, mpira, bushi.

Pata wapi vipuri sahihi? Fungua katalogi ya michoro ya gari lako, tafuta ukurasa wa kava husika, soma namba. Wakati mwingine namba yenyewe inasema kila kitu. Kwa Honda, kwa mfano, namba inayoanza na 95701-06016 ni bolti yenye kola, unene mm 6, urefu mm 16. Ukishaielewa hiyo, bolti nyingi ndogo za NSX au S2000 unaweza kuzisoma bila kuuliza mtu.

Kava likiwa halitengenezwi tena, utanunua lililotumika. Likague masikio yake moja moja, pinda kidogo kwa vidole usikilize. Plastiki iliyochoka kwa joto inatoa sauti ya kukatika kabla haijakatika. Kisha lilaze juu ya kioo uone kama limepinda. Mipira usiitumie ya zamani. Bonyeza ukucha, kama haiachi alama, imeshakuwa jiwe.

Kuhusu chuma cha bolti, kwa makava tafuta zenye alama 8.8 kichwani, ambayo ni daraja la uimara wake, na rangi ya zinki. Zinatosha. Bolti za chuma kisichoshika kutu zinang'aa vizuri, lakini kwenye alumini, unyevu ukiingia, alumini ndiyo inayoliwa, na bolti inaweza kuganda humo. Ukizitumia, paka grisi maalumu ya kuzuia kuganda, na punguza nguvu ya kukazia, kwa sababu thredi yenye grisi inateleza na kuvuta zaidi ya ulivyokusudia.

Matundu sasa. Vaa miwani ya kazi, funika sehemu za jirani kwa kitambaa, hasa karibu na mkanda, ndipo upulize upepo. Thredi zikiwa na uchafu tu, usiingize tapu, kile kifaa cha kukatia thredi mpya, inapunguza chuma kizuri. Mimi hutumia bolti ya zamani ya saizi ile ile niliyoichana mistari miwili kwa urefu kwa msumeno wa chuma. Unaizungusha kwa mkono, uchafu unakusanyika kwenye mistari, unaitoa unafuta, unarudia. Tazama takataka iliyotoka hapa, nyeusi na yenye chembe za kutu.

Thredi zikiwa zimekufa, suluhisho ni kuweka springi ya thredi, yaani waya uliojisokota unaokuwa thredi mpya ndani ya tundu. Kwa M6 unatoboa kwa biti ya 6.3 mm, unakata kwa tapu inayokuja na seti, unaizungushia springi ndani. Paka grisi kwenye biti ili vinyoleo vinase, na usitoboe zaidi ya kina ulichopima. Kama bolti imekatikia ndani na hujawahi kuitoa hata moja, mpelekee fundi wa mashine. Hiyo siyo bolti ya kujifunzia.

Tunafunga. Weka kava mahali pake, na anza bolti zote kwa vidole, zote, kabla ya kukaza hata moja. Kabla ya kuzungusha mbele, zungusha nyuma taratibu mpaka uhisi bolti imedondoka kidogo. Pale ndipo meno yamekutana. Zikishashika zote, anza za katikati, elekea nje, ukivuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Pita mara mbili: mara ya kwanza kaza nusu, ya pili malizia. Kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho, ila M6 ya kava la chuma kwenye alumini mara nyingi huwa kati ya Nm (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukazia) 8 na 10. Tumia spana ndogo ya toki, ile inayolia ikifika nguvu uliyoipanga. Ile ya nati za magurudumu haisomi vizuri huku chini. Kwa plastiki, ukihisi bushi au bega limegota, acha hapo.

Gundi ya kufungia thredi, ile ya bluu, tone moja tu, kwenye bolti za chuma kwa chuma zinazotikisika. Isiguse plastiki, kwani aina nyingine za plastiki hupasuka zikiguswa nayo.

Kabla ya kufunga boneti, hasa kama kava si la asili, weka vipande vya udongo wa kufinyangia juu ya sehemu zilizoinuka, shusha boneti polepole, fungua tena. Udongo wangu umebaki na unene wa zaidi ya sentimita. Nimeridhika.

Rudisha waya wa betri, washa injini, iache ipate moto huku ukisikiliza. Nenda safari moja ya kawaida, rudi, iache ipoe hadi kesho yake. Kisha pitia kila bolti kwa spana ileile ya toki. Itakayozunguka kabla ya mlio itoe, angalia mpira wake umekaaje, irudishe kwa kipimo. Hii yangu ya kona ya mbele imezunguka robo. Nimeitoa, na tazama, mpira ulikuwa umejikunja chini ya washa. Naunyoosha, naurudisha, na sasa imekaa.