Mahali pa Kuweka Vitu katika Nyumba za Nyanda za Juu

Shikamooni wazee wetu, na ninyi wengine habari za mchana. Mada yetu ni makorokoro ya nyumbani na mahali pa kuyaweka. Ukienda soko la Mwanjelwa, pale Mbeya, ukasema nyumba imejaa, utaoneshwa kabati. Sina ugomvi na kabati. Ila huku kwetu, iwe Mbeya, Tukuyu, Njombe au Mufindi, kinachoharibu vitu vilivyohifadhiwa ni unyevu, na kabati lililowekwa vibaya huuongeza.

Mvua zinaanza kama Novemba na kwenda hadi Aprili, Tukuyu hata zaidi. Zikikatika, inakuja baridi ya Juni na Julai. Usiku ukuta wa nje unapoa. Mvuke wa sufuria, wa nguo zilizoanikwa ndani na wa pumzi za waliolala ukigusa ukuta huo unageuka maji. Kabati likibana ukuta, hewa haipiti nyuma yake, maji hayakauki, na ukungu unaanzia kwenye ubao wa nyuma kabla ya kuhamia kwenye makoti. Kwa hiyo rafu na makabati yakae kwenye ukuta wa ndani, ule unaotenganisha chumba na chumba. Kama huna nafasi hiyo, acha sentimita 5 hadi 10 kati ya kabati na ukuta wa nje, na miguu iliinue kabati angalau sentimita 10 kutoka sakafuni. Wengine huweka mkaa kabatini ili unyonye unyevu. Unanyonya kidogo sana. Pengo la nyuma linafanya kazi kubwa zaidi.

Katika kupunguza vitu sitakukawiza. Toa kila kitu cha chumba kimoja nje siku ya jua, chumba kimoja tu, maana ukitoa vya vyumba vyote, jioni utavirudisha ovyo. Kitu kilichopita msimu wa mvua na msimu wa baridi bila kuguswa, kitoke: nguo apewe anayezihitaji, chuma auziwe mnunuzi wa chuma chakavu. Betri kuukuu ya sola isikae chumbani, ina tindikali. Na usinunue ndoo wala masanduku ya kuhifadhia kabla ya kazi hii, kwa sababu utanunulia makazi vitu ambavyo ulipaswa kuviondoa.

Sasa rafu. Rafu ya kusimama ndiyo ninayoipendekeza kwa stoo, na hesabu yake ni rahisi. Nunua mbao 2 za inchi moja kwa nane na mbao 3 za inchi mbili kwa mbili, zote za urefu wa futi 12. Kila ubao wa moja kwa nane unatoa vipande 4 vya sentimita 90. Jumla vipande 8, yaani rafu 4 za vipande viwili viwili. Mbao 2 za mbili kwa mbili zinatoa nguzo 4 za sentimita 180. Ya tatu ikate vipande 8 vya sentimita 40, hizo ni mbeba-rafu. Mbao za futi 12 zina sentimita 366 hivi, kwa hiyo pima kwa uangalifu, msumeno nao unakula milimita kadhaa kila mkato.

Funga mbeba-rafu upande wa ndani wa nguzo, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, kisha laza mbao juu yake. Zikishapigwa randa mbao huwa na upana pungufu kidogo ya inchi 8, ndiyo maana patabaki upenyo kati ya kipande na kipande. Uache, hewa ipite. Tumia skrubu za inchi 3, mbili kila kiungo, na toboa kwanza tundu dogo ili mti usipasuke. Mafundi wengi watakupigia misumari kwa sababu ni haraka. Paini ikiendelea kukauka, msumari unalegea na rafu inaanza kuyumba. Nyuma weka mkingamo mmoja wa ubao mwembamba kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili. Bila huo, fremu nzima inalala ubavu siku ukiegemeza gunia.

Mbao za paini tunazo, msitu wa kupandwa wa Sao Hill hauko mbali. Tatizo ni kwamba nyingi huuzwa mbichi. Zipange ndani au chini ya paa, weka vijiti vya inchi moja katikati kila sentimita 60, na uziache wiki kadhaa za kiangazi kabla ya kukata. Ukiruka hatua hii zitajikunja na utomvu utashika nguo. Mlingoti (mkaratusi) mbichi ni mbaya zaidi, unapasuka na kujipinda. Na zile mbao za kijani zenye dawa ya shaba, kromiamu na aseniki zisibebe chakula, wala vipande vyake visiingie jikoni kama kuni. Moshi wake na majivu yake ni sumu.

Rafu ya kutundika ukutani inataka ukuta mzuri. Lipu ina unene wa sentimita moja na nusu hadi mbili, kwa hiyo fisha fupi (ile plagi ya plastiki inayoshika skrubu ukutani) inashika lipu tu, na siku moja inatoka na kipande kizima. Tumia fisha za milimita 8 na skrubu za milimita 60, na toboa katikati ya tofali, siyo kwenye kiungo. Kama tofali ni za udongo mbichi, acha kutundika. Hata ile fremu ya kusimama ifunge juu ukutani kwa kamba au waya, isiangukie watoto.

Uvungu wa kitanda unafaa kwa mablanketi, mradi yawe makavu kabisa kabla ya kuingia kwenye mfuko wa plastiki. Yakiwa na unyevu kidogo tu, plastiki inaufungia humo humo. Juu ya dari ni hatari. Jipsamu haibebi mizigo, na kenchi zilipigwa kwa ajili ya bati.

Mahindi yakae sakafuni juu ya chaga, gunia la kilo 100 halina kazi kwenye rafu hii. Ukitaka kujua kama yamekauka, tia kiganja cha mahindi na chumvi kavu kidogo kwenye chupa kavu, tikisa, subiri dakika 15 hivi. Chumvi ikiganda kwenye chupa, yarudi juani. Mbolea iwe mbali nayo, na dawa za shambani zisilale ndani ya nyumba hata usiku mmoja. Zitengenezee kisanduku cha kufuli bandani.