Wewe ni Nani Wake?

Mhadhara kwa wanafunzi wa Kiswahili na wa uuguzi, Kampala

Asalaam aleikum, na wengine habari za mchana. Mliniomba nizungumzie lugha ya kumfariji mgonjwa. Mwaliko nimeupokea, mada nimeipunguza. Mimi ni muuguzi, na nikipewa mada pana nazama. Leo nitawasimulia vijana watatu wa kwetu Bombo. Majina sitataja, na mambo mawili matatu nimeyageuza ili mtu asiwatambue.

Kwanza nianze na neno. Kazi yangu ni kumtuliza maumivu na kumtunza mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na wenzetu wa Tanzania wanaiita tiba shufaa. Sisi Uganda tunasema hospisi basi, na mtu akilisikia hilo anaanza kulia kabla hujafungua mkoba. Mara ya kwanza kusikia shufaa nilidhani wanasema shifaa, yaani uponyaji, nikasema hawa jamaa wanadanganya watu. Shekhe mmoja akanirekebisha. Shufaa ni kumwombea mtu, kusimama naye mbele ya mkubwa. Mzizi wake ni uleule wa shufwa. Waliosoma hesabu kwa Kiswahili wanajua: mbili, nne, sita ni namba shufwa, moja, tatu, tano ni witiri. Na wanaosali baada ya isha wanazijua shufwa na witiri bila kushika chaki. Basi kwa asili ya neno, kumfanyia mtu shufaa ni kumkuta yuko mmoja ukamfanya wawili. Mwalimu wenu yuko hapa, nikikosea atanivuta sikio.

Na kazi hii haikuanzia mbali na huko kufanywa wawili. Mwaka 1948, katika hospitali moja ya London, alikuwepo Myahudi wa Poland aitwaye David Tasma. Kazi yake ilikuwa kuhudumia watu mkahawani. Alikuwa anakufa kwa saratani, na umri wake ni miaka 40 tu. Aliyekuwa akimtembelea ni Cicely Saunders, mfanyakazi wa ustawi wa hospitali, hajafika hata miaka 30. Wakapendana, kadiri watu wanavyoweza kupendana mmoja akiwa kitandani na mwingine kwenye kiti. Tasma alipofariki alimwachia pauni 500, akamwambia atakuwa dirisha katika nyumba yake. Nyumba ikachukua miaka 19 kujengwa. Ndiyo St Christopher's, hospisi iliyofunguliwa London mwaka 1967. Tunaofanya kazi hii tunaisimulia sana hadithi ya dirisha, ila tukifika kwenye mapenzi tunakohoa na kuruka.

Hapa kwetu pia. Noerine Kaleeba alikuwa na mume, Christopher, aliyegundulika na ukimwi akiwa masomoni Uingereza. Christopher alifariki Januari 1987, na mwaka huohuo mama yule na wenzake wachache, baadhi yao wagonjwa wenyewe, wakaanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye ukimwi. Kumbukeni wakati ule watu walikuwa wanaogopa hata kikombe alichonywea mgonjwa. Yeye alikuwa mke, mwenye haki ya kukaa kitandani kwa mumewe. Swali langu la leo ni la yule asiye na haki hiyo.

Sasa Bombo. Msichana ana miaka 19. Goti lilianza kuvimba akiwa kidato cha sita, wakasema ameanguka kwenye netiboli. Akapelekwa kwa mganga wa mifupa, akakandwa, akafungwa vijiti, miezi ikapita. Alipofika Mulago, hospitali kubwa ya hapa Kampala, saratani ya mfupa ilikuwa imeshapanda kwenye mapafu. Saratani hii hupenda vijana, hupenda mifupa inayokua, na hapo karibu na goti ndipo penye makao yake. Wakamrudisha nyumbani, mimi nikaitwa.

Siku ya kwanza namkuta kijana mlangoni, miaka 22 hivi, koti la boda, kofia ngumu kwapani. Nikafungua fomu yangu. Ina mstari unaosema: uhusiano na mgonjwa. Nikamwuliza, "Wewe ni nani wake?" Akafungua mdomo, akaufunga. Nikamwambia atoke nje, tunazungumza na ndugu.

Hilo kosa ni langu, na nalisema hapa kwa sababu wauguzi wadogo mmo humu. Kwetu sisi, kabla ya kwanjula, yaani kutambulishwa kwa wazazi wa binti, kabla ya posa, kijana ni mpita njia. Mtoto wa watu akifa, mpita njia hana mkeka wa kukalia. Hapewi habari wala pole, kesho anatarajiwa kazini.

Aliyenifundisha adabu ni shangazi wa binti. Mama mkali, wa kukemea kuku na wajukuu kwa sauti moja. Alinifuata hadi nje akasema, "Sista, yule kijana ndiye atakayekuwa anatuchukulia dawa." Akanikazia macho. Mbele ya baba wa binti kijana akapata cheo: mtu wa dawa. Watu wazima wote mle ndani walijua, na wote wakakubali kutojua.

Niwaeleze hiyo dawa, maana ndiyo iliyobeba mapenzi yao. Ni mofini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu. Ilianza kutumika hapa baada ya Daktari Anne Merriman kuanzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993. Unga wake unachanganywa na maji, na zamani ilikuwa inapakiwa kwenye chupa tupu za maji ya kunywa. Rangi zinatofautisha nguvu, na ya kijani ndiyo nyepesi kuliko zote. Mwaka 2004 sheria ikaruhusu wauguzi waliofundishwa kuiandika, na Uganda ikawa ya kwanza Afrika kufanya hivyo. Ndiyo maana mimi, bila kuwa daktari, niliweza kuiandika nikiwa nimekaa juu ya kindoo. Familia nyingi wanaiogopa. Wanasema inaua, au mgonjwa atakuwa mteja wa dawa. Ikitolewa kwa kipimo, kwa maumivu ya kweli, haimuui mtu, na uraibu ni nadra. Inachofunga ni choo. Kwa hilo tuna dawa, na vidonge vikikosekana tunatumia mbegu za papai zilizokaushwa na kusagwa.

Mofini hii inatolewa kila baada ya saa nne: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, na saa nne usiku kipimo mara mbili ili alale hadi asubuhi. Ukingoja maumivu yaje ndipo utoe, umechelewa. Kijana akayashika hayo masaa kuliko mimi. Kila saa ya dawa ilipofika, popote alipokuwa na abiria, anasimama kando ya barabara anabipu. Kubipu ni bure. Simu inalia mara moja chini ya mto, inakata. Mara tano kwa siku. Baba mtu alidhani ni kengele ya simu.

Rafiki wa kike naye alikuwa ametoweka. Walikaa dawati moja tangu sekondari, kisha miezi miwili hajaonekana. Binti alisema, "Ana mitihani," kwa sauti ya mtu anayemtetea anayempenda. Lakini chumbani walikuwa wanafukiza udi asubuhi hadi jioni, nikajua. Uvimbe ulikuwa umepasuka. Harufu ya kidonda kile inamfukuza hata mama mzazi, na mgonjwa anaijua kabla yenu, analala amegeukia ukuta. Dawa yake ni rahisi mno: vidonge vya metronidazoli unavisaga, unanyunyiza unga wake kwenye kidonda unapobadilisha bandeji. Baada ya siku chache harufu ilipungua, shangazi akazima chetezo, nikamwomba amtume mtoto kwa yule rafiki.

Akaja na daftari. Alikuwa anaona haya kuja mikono mitupu, basi akaleta notisi za historia kwa mtu ambaye hatafanya mtihani. Wakasoma! Nilikuta wanabishana juu ya Mkataba wa 1900 wa Waingereza na Buganda, huku mmoja ana kucha nyekundu mkono wa kulia tu, wa kushoto bado.

Wazazi walikuwa wamemwambia binti ni baridi ya mifupa. Siku moja tukiwa wawili akaniambia, "Sista, mama ananificha, na mimi namficha mama kwamba najua." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna kitabu changu kilichonitayarishia: je, amwache yule kijana sasa, ili asimpotezee ujana?

Nikasema swali hilo mwenyewe yuko nje anafuta pikipiki, aulizwe. Shangazi akakumbuka ghafla kwamba ana ndizi za kumenya, akatoka akamwita. Kijana alisikiliza, akazungusha kofia yake mkononi. "Abiria hashushwi njiani," akasema. Binti akamwambia hajalipa nauli. Basi, hayo ndiyo maneno ya mapenzi niliyoyasikia, wapenda ushairi mniwie radhi.

Wala msimfanye malaika. Jumamosi alikwenda kuangalia mpira na kurudi na matokeo, na Arsenal ikifungwa alikuwa mgonjwa kuliko mgonjwa. Binti alipenda hivyo. Wote wengine walikuwa wakiingia chumbani mle na sura ya msibani.

Binti alifariki alfajiri ya Alhamisi, amelala. Kwetu maiti haikai, adhuhuri tulikuwa tayari. Mnajua jeneza linavyokwenda: anabeba huyu hatua kadhaa, anapokea huyu, bega kwa bega, na hakuna anayeulizwa ukoo. Kijana alishika mbele kushoto tangu mlangoni. Watu walikuja kumpokea, akatikisa kichwa, hadi makaburini. Baba wa binti alikuwa mbele kulia.

Wiki iliyofuata kijana akaja ofisini kurudisha chupa, maana mofini inayobaki hurudishwa. Ilikuwa na kijani kidogo chini. Kuna fomu ya kurudisha, na ina mstari uleule. Safari hii sikuuliza. Nikamsukumia fomu na kalamu, nikajifanya natafuta muhuri. Alikaa nayo muda. Alipoondoka nikaitazama. Kwenye uhusiano na mgonjwa alikuwa ameandika neno moja: wake.

Naona mikono imeshanyooshwa. Tuanze na binti wa pale karibu na dirisha.