Tumbo Linalouma Kila Asubuhi

Asalaam alaykum wazazi wangu. Nimelisema hili Chake Chake, nikalisema Mkoani, na hapa Wete nalirejea: sonona, huo ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, kwa mtoto haiji na machozi kila mara. Huja na hasira. Huja na tumbo.

Kijana wa miaka 13 aliletwa kwangu, kituo cha afya, na bibi yake. Tumbo linamuuma kila asubuhi ya skuli. Kapimwa kichocho, kapewa dawa za minyoo, hana kitu. Bibi anasema, "Mwanangu, huyu kageuka. Ukimwita anafoka." Nikamwuliza kijana, alasiri unacheza nini? Kimya. Bibi ndiye aliyejibu: viatu vya mpira viko uvunguni tangu karafuu zianze kuanikwa, na sasa majamvi yameshakunjwa. Hapo ndipo nilipokaa sawa. Mtoto aliyekuwa akikimbilia uwanjani tonge bado limo kinywani, sasa akirudi chuo cha Kurani analala na kanzu yake, na sahani ya muhogo inapoa mlangoni. Wiki mbili za hali hiyo zatosha kumleta kituoni. Yeye alikuwa na miezi, na miezi yote hiyo kachapwa nyumbani, kachapwa skuli, eti mvivu. Tulipoonana mara ya tatu ndipo aliponiambia, "Naamka nimechoka."

Najua mtasema ana shetani, asomewe Kurani, anywe kombe, yale maji yalooshewa aya. Someni! Nami nimesomewa utotoni. Lakini nani kasema ukimsomea mtoto huwezi kumpeleka hospitali? Na wewe baba unayesema watoto wa zamani hawakuwa na haya: walikuwa nayo, tukiwaita wakaidi. Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Darasa la watoto 70, hao ni 10. Hao 10 wote tuwachape?

Jengine, upesi. Kumwuliza mtoto kama anafikiria kufa hakumtii wazo hilo kichwani. Mwulize mkiwa wawili, hata jikoni mnapara samaki, kwa sauti ile ile ya kila siku. Akikubali, usimwache peke yake, mlete siku hiyo hiyo.

Tiba ya mazungumzo nilitaka kuieleza, na vidonge pia, lakini adhana imekaribia. Yule mama aliyenishika mkono pale mlangoni, baada ya sala nitakuwepo hapa hapa. Njoo naye.