Saladi ya Koliflawa Badala ya Viazi, ya Kuliwa na Mbuzi Choma

Watazamaji wapendwa, karibuni tena jikoni kwangu hapa Nakuru. Leo tunatengeneza saladi ya koliflawa kwa mtindo ule ule wa saladi ya viazi ambayo Wamarekani huiweka kando ya nyama ya kuchoma, hasa katika sherehe zao za tarehe 4 Julai, na ambayo siku hizi inaonekana pia kwenye meza zetu za harusi na za mbuzi choma. Wamarekani waliipata kwa kiasi kikubwa kutoka kwa wahamiaji wa Kijerumani wa karne ya 19, waliokula viazi vyao vikiwa na siki, na mayonezi ikaja kuzoeleka baadaye. Sisi tutabakiza siki, haradali, mayai ya kuchemsha na mayonezi, na kitakachotoka ni kiazi peke yake.

Mimi huuza mboga, na nimeona kwamba karibu kila familia inayoniagiza mboga za sherehe ina mzee au ndugu aliyeshauriwa na daktari apunguze wanga. Mtu huyo hukaa mezani na nyama yake na kachumbari huku bakuli la viazi likimpita, au huandaliwa sahani yake ya pembeni kana kwamba hakualikwa pamoja na wengine. Ningependa tuwe na bakuli moja ambalo watu wote wanachota, na ndiyo maana saladi hii lazima iwe tamu kiasi cha kumridhisha hata yule asiye na shida yoyote na viazi.

Gramu 100 za viazi vilivyochemshwa zina takriban gramu 20 za wanga, ilhali gramu 100 za koliflawa iliyopikwa zina takriban gramu 4, na zaidi kidogo ya nusu ya hizo ni nyuzinyuzi. Tofauti hiyo ni kubwa, hivyo nina ombi moja kabla hatujashika kisu: ikiwa mgeni wako anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, asibadilishe chakula chake ghafla bila kuzungumza na daktari wake, kwa sababu dawa ile ile ikikutana na wanga kidogo inaweza kuishusha sukari kupita kiasi.

Kwa watu wanane tutahitaji koliflawa mbili za wastani, mayai matano, kitunguu kimoja, mabua mawili ya seleri, matango madogo ya siki manne, mayonezi kikombe kimoja kisichojaa, haradali kijiko kimoja cha mezani, siki vijiko viwili vya mezani, chumvi, pilipili manga na dania. Seleri ukiikosa, weka pilipili hoho ya kijani iliyokatwa vipande vidogo sana.

Tuanze na koliflawa yenyewe. Unapoichagua, iwe Top Market au kwa mama mboga wa karibu, tafuta kichwa kizito, kilichofungana, cheupe au chenye rangi ya maziwa, na majani yake yawe bado mabichi na magumu. Rangi ya manjano mara nyingi huonyesha kwamba kichwa kilipigwa na jua shambani, kwa kuwa mkulima mwangalifu hukunja majani ya nje na kukifunika kinapoanza kukua. Manjano hayo hayadhuru, lakini vidoa vyeusi vinavyosambaa ni dalili ya kuoza, na hiyo usiinunue hata ukipunguziwa bei. Ukifika nyumbani, izamishe ikiwa imeelekea chini katika maji ya chumvi kwa dakika kumi, ili viwavi na vidukari waliojificha ndani watoke.

Kukata hakuna maneno mengi. Tenga vishada, kisha ukate kila kimoja hadi kiwe na ukubwa wa sentimita mbili hivi, pamoja na kishina chake. Vipande vilingane, basi.

Sasa tunapika, na hapa nawaomba mniangalie kwa makini. Ninapika kwa mvuke, wala sitaitumbukiza koliflawa katika maji. Kwa asili yake koliflawa ni maji kwa zaidi ya asilimia 90, na ukiichemsha ndani ya maji, kila kishada kinajaza maji mengine katika mianya yake, maji ambayo baadaye yatashuka ndani ya mayonezi na kukuachia bakuli la mchuzi mweupe. Huna haja ya kununua chombo maalumu. Weka maji ya kina cha vidole viwili katika sufuria, weka chungio la chuma juu yake bila kugusa maji, panga vishada, funika. Maji yakishachemka, hesabu dakika kumi hadi kumi na mbili. Mwenzangu aliyeko Mombasa anaweza kumaliza mapema kidogo, kwa sababu Nakuru iko yapata mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100.

Ninafunua sasa ili muone. Samahani, mdogo wangu, rudi nyuma hatua moja, mvuke umeifunika lenzi yote. Futa kwanza, tutasubiri. Naam. Watazamaji, mtuwie radhi. Nilitaka muone ncha ya kisu ikiingia katika kishina: inapita, lakini inakutana na ukinzani kidogo mwishoni. Hapo ndipo tunapozima jiko. Ukiendelea zaidi ya hapo, kishada kitalegea na ile harufu nzito ya kabichi iliyokaa motoni itaanza, nayo haifichiki kwa haradali wala kwa dania. Vishada vichache tu, kama konzi moja, ninaviacha kwenye mvuke dakika tano zaidi hadi vilainike kabisa, na kazi yake mtaiona mbele.

Hatua inayofuata ndiyo inayoamua kila kitu. Tandaza kitambaa safi na kikavu cha jikoni juu ya meza, mwaga vishada vikiwa bado vya moto, vitandaze visilaliane. Usivimwagie maji baridi. Najua mapishi mengi yanasema uvipoze kwa maji baridi ili vibaki vigumu, na kwa mboga inayokwenda kukaangwa ushauri huo unafaa, lakini hapa unarudisha maji yale yale tuliyoyakwepa. Vikiwa bado vinafuka, vinyunyizie ile siki vijiko viwili na chumvi kidogo sana. Koliflawa hupokea siki vizuri zaidi ikiwa moto.

Kisha tunaacha. Usifunike, usirundike, usiweke katika bakuli. Mvuke unaouona ukipanda ni maji yanayotoka, na ukiyafunika yatarudi yalikotoka.

Wakati tunasubiri, mayai. Yaweke katika maji yanayochemka kwa dakika kumi na mbili, yatie katika maji baridi, menya. Ukiyazidisha motoni utaona duara la rangi ya kijivu kuzunguka kiini, linalotokana na salfa ya ute mweupe kukutana na chuma kilichomo katika kiini. Ni salama kuliwa, lakini halipendezi machoni.

Kitunguu tunakikata vipande vidogo, tunakisugua kwa chumvi, tunakisuuza na kukikamua kwa nguvu, kama tunavyofanya kwa kachumbari. Matango ya siki nayo yakatwe na yakamuliwe. Kukamua huku msikuone kama jambo dogo, kwa kuwa kila unachokiingiza katika bakuli hili kikiwa na maji kinaharibu kazi ya kitambaa.

Turudi kwa koliflawa. Dakika ishirini zimepita, na nilikuwa nimepanga tuingie kwenye mayonezi moja kwa moja. Mdogo wangu, sogeza kamera hapa, upande huu wa dirisha. Mnaona kitambaa kilivyolowa chini ya vishada hivi vikubwa? Sasa tazameni nikibonyeza kishina kimoja kati ya kidole gumba na cha shahada: tone la maji linachomoza pale kilipokatwa, linakua, linadondoka. Koliflawa hii haiko tayari, hata kama kwa juu inaonekana kavu. Kwa hiyo mayonezi itasubiri. Ninabandika sufuria pana, tupu, bila mafuta, kwenye moto mdogo, ninairudisha koliflawa humo kwa dakika moja au mbili huku nikiitikisa taratibu, na mtasikia inatoa sauti ndogo ya kuchirizika maji yake ya mwisho yanapogusa chuma. Sauti ikinyamaza, ninaitoa na kuitandaza tena juu ya kitambaa kingine kikavu, siyo kile cha kwanza.

Ipoe kabisa. Narudia, ipoe kabisa, iwe baridi ukiigusa kwa mkono. Mayonezi ni mafuta na siki vilivyoshikanishwa na kiini cha yai, na vikikutana na joto hutengana, mafuta yakaelea juu. Bonyeza tena kishina kimoja, na kama hakuna tone, songa mbele. Kama lipo, endelea kusubiri hata kama wageni wameshafika getini, kwa sababu nyama choma haijawahi kuwahi, na saladi nayo ina haki ya kusubiriwa.

Kuhusu mayonezi, soma maandishi ya chupa. Baadhi huongezewa sukari na wanga wa kuzitia uzito, na ile krimu ya saladi tunayoizoea kumwagia kabichi na karoti mara nyingi huwa na sukari nyingi zaidi, hivyo ukiitumia utakuwa umeurudisha kwa mlango wa nyuma wanga uliokuwa unaukimbia. Napenda pia kusema wazi kwamba saladi hii ina wanga kidogo lakini ina mafuta ya kutosha, na anayepunguza mafuta anaweza kuweka nusu ya mayonezi na nusu ya maziwa mala mazito yasiyo na sukari, yaliyochujwa kwa kitambaa safi hadi yashikane.

Sasa ile konzi iliyolainika, ambayo nayo imekauka na kupoa. Katika saladi ya viazi, kingo za viazi humeguka na kuchanganyika na mayonezi, na huo ndio uzito tunaoupenda mdomoni. Koliflawa haimeguki namna hiyo, kwa hiyo tunaiponda konzi hiyo kwa uma pamoja na viini viwili vya mayai yetu, hadi iwe laini kabisa. Ongeza mayonezi, haradali na pilipili manga, koroga. Tazameni inavyong'ang'ania kijiko. Mtu asiyeambiwa atadhani kuna kiazi humu.

Mayai yaliyobaki, pamoja na ute wa yale mawili, yakate vipande vikubwa. Changanya koliflawa, kitunguu, seleri, matango na dania kwanza, mwaga mchanganyiko wa mayonezi juu yake, kisha geuza kwa mwiko kutoka chini kwenda juu bila kuponda. Mayai yaingie mwisho. Onja ndipo uongeze chumvi, kwa kuwa chumvi huvuta maji kutoka kwenye mboga, na ndiyo sababu tulianza na kidogo. Mimi huongeza pilipili moja ya kijani iliyokatwa nyembamba, kwa sababu mafuta ya mbuzi hupenda kitu chenye ukali kando yake, lakini wenye watoto mezani waiache.

Iweke katika friji kwa saa moja ili ladha zishikane, uitoe wakati nyama inapoanza kukatwa. Isikae nje zaidi ya saa mbili, na kwenye joto kali la Kisumu wakati wa mchana, saa moja inatosha. Ukiwa unasafiri nayo kutoka hapa kwenda Kisumu, pakia koliflawa kavu katika chombo kimoja na mchanganyiko wa mayonezi katika kingine, vyote viwili ndani ya boksi lenye barafu, uvichanganye ukishafika. Itakayobaki hudumu katika friji siku mbili au tatu, na ukiona maji kidogo chini ya bakuli, yamwage kabla ya kugeuza, usijaribu kuyafunika kwa mayonezi nyingine.

Walioko Nakuru wanaotaka koliflawa iliyokwisha kusafishwa na kukatwa kwa ajili ya sherehe waniagize siku mbili mapema, nami nitawapelekea pamoja na majani yake. Majani hayo msiyatupe. Koliflawa, kabichi na sukuma wiki ni mmea wa jamii moja hasa, hivyo yakatekate membamba, yakaange kwa kitunguu na nyanya, na mtakuwa mmepata mboga ya pili kwa bei ile ile.