Jembe kabla ya bunduki

Asante, Mwenyekiti. Nimepewa dakika 20 nieleze jinsi familia za jimbo la Wisconsin, Marekani, zinavyowatunzia ardhi wanyama zinaowawinda, na mnaonifahamu mnajua hazinitoshi hata kusalimia.

Neno kwanza. Mnyama wa leo hapa kwetu hayupo. Wapo wanaomwita paa, wapo wanaomwita kulungu, na mimi nikisikia hivyo roho inaniuma. Kulungu ni wetu, na pembe zake akishaota ndizo anazozeeka nazo. Huyu wa Marekani dume lake huota pembe, likapigana nazo msimu wa kupandana, baridi ikizidi zikadondoka, na mwaka unaofuata likaanza upya. Waliotafsiri Zaburi ya 42 walimwita ayala. Nami ninabaki na ayala. Pembe hiyo mezani niliiokota mwenyewe, mtaishika baadaye.

Nimeishi kusini-magharibi mwa Wisconsin miaka 11, na kila nikija likizo swali ni lilelile: "Wale watu wanavyopenda kuwinda, wanyama hawaishi?" Hawaishi, bwana! Mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya misitu kufyekwa na nyama kuuzwa sokoni bila mpaka, ayala wa mkia mweupe walikuwa wamebaki kama nusu milioni nchi nzima. Leo wanakadiriwa kufika milioni 30. Sheria zilisaidia, sikatai. Lakini jambo ninalolisema kila mahali, hadi mke wangu anaweza kupanda hapa akanimalizia, ni kwamba kwa familia za kule uwindaji ni kazi ya jembe. Msimu mkuu wa bunduki ni siku tisa tu.

Nina jirani mzee, ana ekari 40 za mlima na msitu, alizirithi kwa baba yake. Mwaka wangu wa pili akaniambia, njoo Jumamosi tukashughulikie mambo ya ayala. Nikaazima koti, nikafika najiona mwindaji. Ilikuwa Machi, theluji inayeyuka, matope hadi kwenye kifundo. Mzee akanikabidhi msumeno wa mnyororo. Binti yake alikuwepo, na mjukuu wa miaka 12 kabeba utepe wa rangi.

Mzee akaukata mti usawa wa kifua, na hakuumaliza. Alipobakiza kipande kidogo akausukuma, ukalala chini huku ganda la upande mmoja bado limeshika kisiki. Akaenda wa pili. Wa tatu. Nikasema moyoni, huyu kaamkia chupa. Kwetu ukiacha miti hivyo, balozi wa nyumba kumi atakuja kuuliza kuna nini. Yule mtoto akaniona nilivyoshangaa, akanieleza kama mwalimu wa darasa la kwanza: mti haujafa, utachipua, na safari hii majani yatakuwa chini wanapoyafikia.

Basi! Chakula kilichokuwa juu ya paa kimeshushwa mdomoni. Jua limefika chini, vichaka vinaota, na jike ana pa kumficha ndama mwezi wa sita. Niliporudi Agosti nilishindwa kupita pale pale niliposimama Machi.

Mialoni hawakuigusa. Kila mwaloni mweupe ulifungwa utepe, na miti iliyoubana ikaondolewa ili upate mwanga, kwa sababu mbegu zake hazina uchungu kama za mwaloni mwekundu, na ayala anajua tofauti hiyo kuliko sisi. Penye uwazi wakapanda klova, majani ya malisho. Halafu kuna kona, kama ekari nane, ambayo mtu hakanyagi mwaka mzima, hata kuokota pembe. Wanaiita chumbani, ayala wapumzike bila kusumbuliwa. Mtoto akikatiza chumbani, jioni hapewi pai.

Novemba ikafika. Jumamosi ile kabla ya sikukuu ya Shukrani, watu zaidi ya nusu milioni huingia porini katika jimbo hilo moja, wamevaa rangi ya chungwa inayong'aa kwa amri ya sheria. Tangu 2016 waridi nayo inaruhusiwa. Msinicheke, nilivaa. Ayala haoni rangi hizo kama sisi. Anachokunasa nacho ni harufu, kwa hiyo usiku kucha wazee wanabishana upepo utatoka wapi.

Alfajiri tulipanda dunguni, dungu hasa, kama lile la kuwingia ndege kwenye mpunga: mimi, mtoto na mama yake. Jua lilipochomoza vizuri dume likatokea, hatua 60. Mtoto akainua bunduki. Mama akamgusa bega, akatikisa kichwa. Lilikuwa na mwaka mmoja na nusu, miguu mirefu, shingo nyembamba kama ya jike. Mtoto akashusha. Chozi likamtoka, akalifuta kwa glavu. Siku ya tatu akapiga jike, na babu yake akalichonga jina lake kwenye boriti ya kibanda, chini ya jina la mama yake.

Kuna mtu hapa anawaza, "Wale ardhi yao, wanyama wao, lazima wawatunze." Nusu umepata. Ardhi ni yake, ayala si wake. Ni mali ya umma chini ya jimbo, na akimpiga nje ya msimu anashtakiwa akiwa shambani kwake mwenyewe. Analima miaka 30 kwa ajili ya mnyama anayeweza kuruka uzio jioni akaishia kwenye sufuria ya jirani! Ndiyo maana majirani hukaa jikoni kwa mmoja wao wakakubaliana madume wachanga waachwe na majike wapigwe wangapi. Vijiji vyetu vyenye hifadhi za jamii vingekaa kwenye jiko lile siku moja. Na ndugu yangu wa Kenya huko nyuma, najua mlifunga uwindaji 1977. Sikushawishi, mimi nazungumzia miti.

Hayo ya majike yana ugomvi wake. Aldo Leopold, mtaalamu wa uhifadhi, yule aliyenunua shamba lililochoka kando ya Mto Wisconsin mwaka 1935 akalipanda misonobari na mkewe na watoto watano, alitukanwa sana 1943 kwa kutetea majike wapigwe ili idadi ipungue. Ingia msitu uliozidiwa na ayala uone: hadi futi tano hakuna jani, juu kijani, mstari umenyooka kama mgunga wa Dodoma uliopitiwa na mbuzi. Mche wa mwaloni huupati.

Nikimaliza hilo nilitaka kuja kwenye... Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya. Kodi ya bunduki na risasi ya mwaka 1937 na fedha zake za kutunza wanyamapori, tutaongea kwenye chai. Ugonjwa wa kukonda wa ayala, ulioonekana Wisconsin 2002 na hauna tiba wala chanjo, naomba tu msimwage mahindi mkawakusanya wanyama wakalambana midomo. Kuhusu moto wa makusudi wa kusafisha pori sisemi kitu, nitaanza upya.

Pembe inapita kuanzia kushoto. Hizo alama za meno pembeni ni za panya, wanatafuta chokaa. Si zangu.