Mchapaji, mchapishaji na yule wa tatu

Waandishi wenzangu, wengi wenu mlishanisikia Ujiji, kwa hiyo salamu zimetosha.

Kwenye kazi ya vitabu, Kiswahili kimeshatutenganishia watu wawili. Mchapaji ana mashine: unampelekea kazi, unamlipa, unabeba nakala zako, hamdaiani. Mchapishaji anatoa hela zake: anamlipa mhariri, msanifu, huyo huyo mchapaji, anauza, na wewe anakupa mrabaha, yaani fungu lako la mauzo, mara nyingi asilimia 10 hivi. Kitabu kikidoda, hasara yake. Ndiyo maana anachagua.

Sasa kuna wa tatu. Anajiita mchapishaji, ila bili anakuletea wewe. Nendeni mwalo wa Kibirizi alfajiri. Mchuuzi wa dagaa anamlipa mvuvi, au siyo? Mmewahi kumsikia akisema, "Dagaa wako wazuri mno, nipe laki tatu niwachukue"? Angetupwa ziwani! Lakini mtu akiambiwa hayo hayo kuhusu mswada wake, machozi ya furaha, anakimbilia benki.

Mwalimu wangu wa darasa la tano alitoa milioni tatu za kiinua mgongo. Barua ya kumkubalia ilimsifia kurasa mbili. Nimeisoma, haitaji hata mhusika mmoja wa kitabu chake. Maboksi yakaja kwa treni. Tukafungua sebuleni kwa kisu cha jikoni, mkewe kashika sinia la soda. Baada ya ukurasa wa 48 unakutana na wa 65. Ukifika wa 80, unaanza 65 tena. Mzee akavaa miwani, akahesabu, akavua. "Labda ni hiki kimoja tu." Tukafungua boksi la pili.

Akapiga simu. Akajibiwa kwamba kuhakiki ni jukumu la mwandishi. Haya, akasema atakichapa upya kwa mchapaji wa hapa hapa mjini. Tukatoa mkataba: haki zote ni zao, miaka saba. Milioni tatu kalipa, na kitabu si chake! Akitaka nakala za ziada, azinunue.

Kuna mtu ananong'ona pale dirishani kwamba Beatrix Potter, yule Mwingereza wa hadithi za watoto, naye alijilipia. Ndiyo, mama. Mwaka 1901, baada ya kukataliwa, alichapisha hadithi ya sungura wake, nakala 250, kwa hela zake. Lakini aliyelipwa alikuwa mchapaji! Nakala zake, haki zake. Wachapishaji Frederick Warne walipokitoa kitabu hicho mwaka 1902, alikuwa na kitu cha kuwapa. Mwalimu wangu angewapa nini?

Na mnaosema wachapishaji wa kweli wanakalia miswada mpaka mchwa wanaila, sibishi. Nina mmoja huko. Naamini mchwa wameshaumaliza.

Dakika mbili? Mwenyekiti, saa yako inakimbia kuliko yangu. Basi ISBN, ile namba ya kukitambulisha kitabu: inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Ni kama namba ya pikipiki, haisemi kama breki zinashika. Asikuuzie mtu kama cheo. Kuhusu kuchapa nakala moja moja kwa oda nilikuwa na karatasi tatu, nazirudisha mfukoni.

Naona bahasha mbili za kaki humu ndani, na najua zina nini. Msisaini leo. Baada ya chai nitakuwa chini ya mwembe pale nje. Njooni nazo, kalamu ziacheni ndani.